Chungwa Lililogoma Kusogea

Mwezi uliopita, ndugu yangu, nilirudi kukipima kijito cha utotoni mwangu, chini ya mteremko wa Chiwata. Njia ni rahisi: unapima umbali kwa kamba, unatupa chungwa majini, unatazama saa, unapata kasi ya mkondo, na kwa kasi hiyo unakadiria ni viumbe gani wanaweza kuishi humo. Nilitupa chungwa. Halikusogea. Nilikagua saa, nikakagua kamba, nikajiuliza kama upepo ndio uliolizuia, ingawa hapakuwa na upepo. Ndipo nikaacha kukagua, kwa sababu maji yaliyosimama namna ile nilikuwa nimeyaona mara moja tu maishani.

Nilikuwa mtoto. Ulikuwa msimu wa mabibo, yale matunda ya mikorosho, na kijiji kizima kilinuka utamu uliochacha. Kazi yangu ilikuwa kuloweka mihogo ya bibi kwenye kidimbwi cha kijito hicho, na kabla hujakifikia ulisikia maji yakinguruma juu ya mawe. Asubuhi hiyo palikuwa kimya. Perege walitweta topeni; kamba wadogo walikuwa wamekauka juu ya changarawe. Bibi alimgusa samaki mmoja, akarudi nyumbani, akatoka na jembe, nikamfuata kuelekea juu.

Jirani wa juu yetu alikuwa amekiziba kijito kwa viroba vya mchanga ili anyweshee nyanya zake. Nyumba zote za chini zilibaki bila hata maji ya kunywa.

"Maji hayana mwenyewe, mama," alisema, bila hata kuinuka.

"Ndiyo maana nimekuja kuyafungua."

Bibi akapiga kiroba kimoja. Jirani akampokonya jembe, akamgonga mdomoni kwa mpini. Nilisikia jino likivunjika. Bibi akamuuma mkono mpaka akaliachia, kisha akapiga tena kiroba kilekile, damu ikimchuruzika kidevuni. Jirani akashuka chini ya kizuizi ili amvute miguu. Hapo viroba vikaachia. Maji yalimzoa, yakampigiza mwambani, na mguu wake ukavunjika kwa mlio wa tawi kavu la mkorosho. Aliyemshika ukosi wa shati asizame ni bibi huyohuyo, huku akimtukana kwa Kimakonde maneno ambayo sithubutu kuyaandika. Jirani alipelekwa hospitali, Ndanda, juu ya baiskeli. Bibi alisukutua damu kwa maji yaleyale, akaniagiza nikaloweke mihogo.

Safari hii nilikifuata kijito kuelekea juu, chungwa la pili mkononi. Niliisikia pampu kabla sijaiona. Aliyeketi kando yake, mguu mmoja umepinda, alikuwa yeye, mzee sasa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanitazama usoni, kisha mikononi.

"Mjukuu wa mwenye jembe," alisema. "Umekuja nalo?"

Nilimjibu kwamba nimekuja kupima tu. Akacheka bila ubaya, akasema bibi yangu hakuwahi kupima kitu. Pampu ikaendelea kunguruma.

Siku hizi pale hapalowekwi mihogo. Perege hawapo, na mtoto wa leo hataijua ile ngurumo ya mawe. Ile damu naiogopa hadi sasa. Sitamani hata kidogo irudi. Lakini niliposhuka nilikuta chungwa la kwanza lingali palepale nilipolitupa, na nikajikuta nikiangaza macho huku na huku, nikitafuta jembe.