Jina la Raif

Zamani mtu wa kwetu aliyelemewa moyo alikaa na wenzake kutunga majani ya tumbaku kwenye kamba mpaka neno likamtoka lenyewe. Siku hizi hupanda basi kwenda mjini Plovdiv kumlipa mgeni amuulize yeye ni nani.

Ndivyo alivyofanya Rumen, mtoto wa jirani yangu Zekie.

Alizaliwa Raif. Alipokuwa ndiyo kwanza anaanza shule, askari walikizingira kijiji chetu cha Waislamu hapa milimani Rodopi, na kila mtu akapewa jina la Kibulgaria. Baba yake alikataa. Walimchukua, wakamrudisha mbavu zimevunjika, na theluji haikuyeyuka yeye akiwa hai. Tangu hapo Zekie alimfunza mtoto kwamba akisikia Raif asigeuke. Hata chumbani hakulitamka. Utawala ule wa kikomunisti ulipoanguka, wengi tuliyarudisha majina yetu. Zekie hakutaka. Serikali huondoka, alisema, na serikali hurudi.

Rumen akawa fundi wa mabasi, akaoa, akaachwa. Mkewe alilalamika kwamba kila akimuuliza anataka nini, hujibu, "Unachotaka wewe." Usingizi ukampotea, ndipo akaenda kwa yule daktari wa nafsi. Mkahawani walimcheka.

"Unamlipa mwanamke akusikilize? Oa tena, utasikilizwa bure."

"Nilioa," alijibu. "Ndiyo maana nalipa."

Aliniambia kwamba kipupwe kizima alikaa mbele ya daktari yule akijaribu kulitamka jina lake, asiweze. Siku lilipomtoka alilia kama mtoto. Akalirudisha kisheria, akaandikisha makazi yake hapa nyumbani. Kukabaki jambo moja: alisikie kinywani mwa mama yake.

Akaja wakati wa mavuno. Nyua zetu sasa ni tupu, vijana wako Ujerumani wakipaka rangi nyumba za watu, lakini Zekie bado alipanda matuta machache kwa ukaidi. Tulikaa uani watatu na sindano zetu ndefu.

"Mama, niite jina langu. Mara moja tu."

"Tunga, mwanangu. Majani yananyauka."

Daktari yule alimtibu mmoja. Ugonjwa ulikuwa wa wawili.

Hatukuwa tumemaliza kapu, langoni akatokea polisi, kijana mpole, aliyetumwa kuhakikisha makazi. Akauliza kama Raif anaishi hapa. Zekie aliinuka upesi kuliko umri wake, akalikinga lango kwa mkono.

"Hakuna mtu huyo hapa, afande. Sijapata kuwa na mtoto wa jina hilo. Wangu ni Rumen."

"Mama, ni mimi," Raif alisema nyuma yake.

"Nyamaza."

"Bibi, hana kosa lolote. Ni jina lake tu."

"Nimeshakwambia. Naapa kwa mkate, simjui." Kwetu hakuna kiapo kizito kuliko hicho.

Polisi alitutazama, akakuna shingo, akaenda zake. Raif hakugombana. Alifunga fundo kamba aliyokuwa akiitunga, akaitundika juani, akachukua mkoba wake. Zekie alikuwa bado amesimama langoni, mkono kwenye nguzo, macho barabarani. Alimwambia kwa sauti ndogo arudi ndani, wanaweza kurudi. Raif aliinama, akapita chini ya mkono ule, akateremka kituoni. Hivyo ndivyo nilivyowaona mara ya mwisho wakiwa pamoja: yeye akienda, na mama akilinda lango.