Uso wa Mbinya kwa Bango la Akademi

Na hiyo ya kusema ati nafasi zilijaa, wakaambie mtu mwingine. Nafasi zinajaa aje na bango liko hapo kando ya barabara, refu kuliko lori, limeandikwa USAJILI UNAENDELEA, PP1 MPAKA GREDI YA SITA, NAFASI BADO ZIPO? Na kando ya hayo maneno wameweka picha ya nani? Wameweka Mbinya wangu. Mtoto mwenye walikataa, huyo ndio wanatumia kuita watoto wa wengine.

Hivyo ndivyo Kasyoka alikuwa anasema asubuhi moja, wiki ile bango lilipanda, hapo Mtito Andei, sindano mkononi, ameketi katikati ya turubai ya lori kama mtu ameketi kwa mkeka wa kwao. Alikuwa anamwambia Ciku mwenye hoteli, lakini ukweli alikuwa anaambia maegesho yote ya malori. Ciku alikuwa amesikia hayo maneno jana, na juzi. Alimwekea chai tu. Alijua rafiki yake bado hajamaliza, na Kasyoka akiwa hajamaliza unamwacha ashone.

Hiyo ndiyo kazi yake, kushona turubai za malori. Alitoka Kyuso akiwa na miaka kumi na tisa, ule mwaka ndengu zilikauka zikiwa na maua, akaja kuosha vyombo kwa Ciku. Pale nje kulikuwa na mzee anaitwa Kyule, fundi wa turubai, macho yamechoka. Akawa anaita Kasyoka amwekee uzi kwa sindano. Baadaye akamwachia ashone mstari mmoja, halafu kiraka kizima. Siku mzee alirudi kwao kabisa alimwachia sindano ya gunia, kisu, na ile sehemu ya kivuli yenye alikuwa anakalia. Hakuna mwanamke mwingine kwa hiyo kazi hapo. Madereva walicheka mwezi mmoja, halafu mvua ikanyesha, wakaona turubai ya nani imevuja na ya nani haijavuja.

Viraka vyenyewe ni mabango ya zamani. Uchaguzi ukiisha, mkutano wa injili ukiisha, Kasyoka anaokota. Ndio maana unaweza kuona lori linaenda Malaba na nusu ya uso wa mhubiri mgongoni. Na usimkosee. Kuna dereva mmoja alimtusi mbele ya watu, akamwita mwanamke wa kuokotwa kwa malori. Kasyoka akachukua sindano. Alishona turubai vizuri kabisa, akafunga, na nyuma kabisa mahali dereva haoni akaweka kiraka kimeandikwa DAWA YA MINYOO, ULIZA HAPA. Huyo mtu alichekwa kutoka mji wa Salama mpaka mpakani Malaba na hakujua ni kwa nini.

Sasa mtu kama huyo ndio Akademi iliamua kuchezea.

Kasyoka mwenyewe aliacha shule darasa la sita. Baba ya Mbinya alikuwa dereva, akapata njia ya Tunduma, na Tunduma ikammeza, hata simu haiingii. Mtoto akabaki na mama. Na mama aliangalia vidole vyake, vile vimekuwa vyeusi na grisi ya turubai, ngozi ngumu kama ya kisigino, akasema huyu wangu atashika kalamu. Si kalamu ya kutumiwa na watoto watatu. Kalamu yake. Akaenda akachukua fomu kwa ile Akademi ya geti ya bluu, shule ya kulipia ya Mzee Mwau.

Mwau ni mzee wa kanisa, kanisa lenye Kasyoka anaenda. Anakaa kiti cha mbele. Kasyoka aliona hiyo ni baraka.

Fomu walijaza na Ciku, meza ya nyuma, na Ciku akapiga kila ukurasa picha na simu ndio wakikosea wajue walikosea wapi. Kazi ya baba, wakaweka mstari. Kazi ya mama, wakaandika fundi. Pasta akatoa barua ya kusema anawajua.

Siku ya intavyuu Mbinya alikuwa na miaka minne na nusu na viatu vipya vyenye vilimfinya na hakusema. Mwalimu akamwonyesha rangi, akazitaja zote. Akaambiwa ahesabu, akahesabu kwa Kizungu mpaka arobaini bila kupumua, kwa sababu huyo mtoto amekua akihesabu malori. Mwalimu akacheka, akamvalisha sweta ya shule na tai, ati ya picha ya faili. Sweta ilikuwa kubwa, mikono ikakunjwa. Kasyoka, fundi ni fundi, aliona kiwiko cha kushoto kimeshonwa na uzi wa kijani kwa sweta nyekundu, mishono mirefu, ya mtu mvivu. Akataka kusema lete nirekebishe. Badala yake akamnyoosha tai. Mtoto alikuwa amependeza.

Halafu Mwau akaona neno fundi kwa fomu, akamwuliza Kasyoka hushona nguo wapi. Akasema si nguo, ni turubai, pale kwa malori. Mwau akaangalia vidole vyake, akaandika kitu, akamshukuru.

Kosa la Kasyoka ni moja. Yeye alijua mtu hawezi kuvalisha mtoto wako sweta ya shule kama hajamchukua. Kwao Kyuso huwezi kufungia mbuzi wa mtu kengele yako halafu useme humtaki. Kwa hivyo Jumapili, wakati wa ushuhuda, alisimama, akashika maikrofoni, akasema Bwana asifiwe, na kanisa lote likajibu Amina. Akaambia watu Mungu ametenda, mtoto wa mshona turubai ameingia Akademi. Akina mama wakapiga vigelegele. Na pale mbele, Mzee Mwau, mwenye alikuwa tayari anajua, mwenye alikuwa ameshaandika hapana, alifunga macho akasema Amina na yeye. Akashuka kumsalimia na mikono miwili.

Jumanne meseji ikaingia. Tunasikitika, nafasi zimejaa, tunawatakia mema.

Alienda. Mlinzi akamweka nje ya geti kwa jua mpaka Mwau akatoka, na Mwau hakumkaribisha ndani. Aliongea na sauti ya chini, kama mtu anakuombea.

"Mama Mbinya, mtoto wako hana shida yoyote. Lakini wazazi wa shule yangu wanaangaliana. Mtu akishuka kwa gari akupate hapa getini na hiyo mikono, ataniuliza maswali."

Kasyoka alirudisha mikono nyuma. Hiyo ndio kitu hajasamehe mpaka leo. Si maneno ya Mwau. Ni vile yeye mwenyewe alificha mikono.

Januari Mbinya akaanza PP1, chekechea, kwa shule ya serikali, upande ule mwingine wa barabara, mwalimu mzuri, watoto wengi. Ingeishia hapo. Kasyoka angemeza, angeshona, angesahau. Lakini wiki ya tatu bango likapanda, mkabala na malori, na Mbinya akasimama na kibegi chake akaangalia juu.

"Mami, mimi nasoma hapo," akasema. "Mbona unanipeleka hii ingine?"

Mama akamwambia ile ni picha tu. Kesho yake akauliza tena. Siku ya tatu alikataa kuvuka barabara, akakaa chini kwa vumbi, akasema mwalimu wake anamngoja kule kwa geti ya bluu, ameona mwenyewe. Kasyoka alimbeba akilia mpaka darasani. Wenye maduka wakaangalia.

Hapo ndipo ilibadilika. Alienda Akademi kuomba kitu kimoja tu: watoe huo uso. Hakuomba nafasi. Katibu akaenda ndani akarudi, akasema Mzee anasema picha ni mali ya shule, mama alisaini kwa fomu. Kasyoka akarudi kwa Ciku, wakafungua zile picha kwa simu, wakasoma fomu mstari kwa mstari, hata maandishi madogo ya chini. Hakuna. Wakasoma tena. Hakuna mahali mtu alisema chukua uso wa mtoto wangu ukauzie watu.

Ciku akasema waandike barua. Kasyoka akasema barua atajibiwa kama ile meseji. Yeye hakutaka barua. Alitaka huyo mzee asimame mbele ya watu vile yeye alisimama, ajisikie vile yeye alijisikia.

Akangoja. Hakungoja sana. Jumamosi ya mwisho ya mwezi Akademi huita wazazi wapya waje kuona madarasa. Hema limewekwa, maji ya chupa, magari yamejipanga kando ya barabara mpaka chini ya bango. Saa nne asubuhi, jua kali, kila mtu anaonekana. Mulinge, dereva wa simenti mwenye Kasyoka amemshonea miaka minne, akaleta lori lake pole pole, akalisimamisha kabisa chini ya bango, akawasha taa za hatari, akashuka akaanza kuangalia tairi lenye halikuwa na shida.

Kasyoka alipanda lori vile anapandanga kila siku. Akasimama juu ya turubai yake mwenyewe, akatoa kisu cha Kyule, akaanza kukata. Alikata polepole, kwa kufuata nywele, masikio, kidevu. Fundi hakati hovyo.

Mlinzi ndio aliona kwanza. Halafu Mwau akatoka akikimbia, suti, na wazazi nyuma yake. Akamwambia ashuke, anaharibu mali ya shule.

"Mali gani, Mzee?" Kasyoka akauliza. "Huyu nilimzaa mimi."

Mwau akageukia wazazi akawaambia huyu mama amechanganyikiwa, wamwache, wamwombee. Na hapo Kasyoka akainua mkono, na ile sauti ya Jumapili, akasema:

"Bwana asifiwe."

"Amina," watu wakajibu. Wote, na magari yao. Mdomo ulijibu kabla kichwa kijue. Hata Mwau alijibu.

Akatoa ushuhuda wake upya. Kwamba yeye ni mshona turubai. Kwamba huyu mtoto mwenye wanamwona kwa bango alihesabu mpaka arobaini, akavalishwa sweta ya kukopa, akapigwa picha, akakataliwa kwa sababu ya mikono ya mama yake. Kwamba huyo mzee alisema Amina kanisani na tayari alikuwa ameshaandika kumkataa. Halafu akaonyesha mikono, yote miwili, mbele na nyuma, akaiacha hapo juu mpaka kila mtu akaona. Simu zilikuwa zimeinuliwa. Mama mmoja mwenye miwani akamwuliza Mwau kama ni kweli huyo mtoto hasomi hapa. Mwau akasema hayo ni mambo ya ofisi. Yule mama akamshika mtoto wake mkono, akaingia kwa gari.

Polisi waliitwa. Askari akauliza ni kitu gani kimeibwa. Mwau akasema uso. Askari akaangalia tundu kwa bango, jua linapita katikati, akaangalia Mbinya, mwenye ndio alikuwa amefika na Ciku, akaangalia tundu tena.

"Uso si ndio huu hapa, Mzee," akasema. "Umeibwa wapi?"

Mulinge alicheka mpaka akashikilia tairi.

Lakini wacha niseme yote. Jioni Mbinya aliona ile picha imekunjwa kwa meza ya Ciku, akaenda mlangoni akaangalia bango na lile tundu, akauliza na sauti ndogo, "Mami, wamenifukuza?"

"Hapana," Kasyoka akasema. "Ni mimi nimekutoa."

Kanisa limemwambia aombe msamaha. Amesema ataomba, hana shida, lakini Mwau aanze, mbele, na maikrofoni ile ile. Mpaka leo kiti cha mbele bado kina mwenyewe na msamaha haujaombwa. Kasyoka bado huenda kila Jumapili, hukaa mstari wa pili, nyuma yake kabisa, humwangalia kisogo mpaka baraka itolewe.

Na Mwau amejifunza nini? Wiki mbili baadaye akatundika bango lingine. Mtoto mwingine, amepoteza meno mawili ya mbele, anacheka. Kasyoka alivuka barabara kuangalia karibu. Sweta ni kubwa, mikono imekunjwa. Kiwiko cha kushoto, uzi wa kijani, mishono mirefu. Ni ile ile. Huyo mtoto pia amevalishwa ya kukopa, na mahali fulani, pengine Kibwezi, pengine Emali, kuna mama amepata meseji ya nafasi zimejaa na bado hajui mtoto wake yuko hapa anaita wateja.

Kwa hivyo wewe mwenye unasoma hii, usitikise kichwa halafu uende zako. Ukipita Mtito Andei, angalia upande wa malori, utaona bango, namba ya simu iko chini. Piga. Uliza huyo mtoto wa kwa picha anaitwa nani, yuko darasa gani, mwalimu wake ni nani. Wakikata, piga tena. Piga leo.