Mrushaji Ambaye Hakuwahi Kushindwa

Alvin alikuwa na kijiba cha roho, na kijiba chenyewe kilikuwa na jina: Rotich.

Wawili hao walikulia Nakuru na kuchezea timu moja ya besiboli, katika ligi ndogo ambayo hata magazeti ya nyumbani hayakujua kama ipo. Mrushaji alikuwa Rotich. Alirusha kwa mkono wa kushoto, na wapinzani walibaki kupunga magongo hewani. Kisha akajiunga na jeshi, akapelekwa vitani Somalia, na Alvin akapewa nafasi yake.

Alvin alirusha misimu minane. Alishinda mechi nyingi, akapoteza nyingine, kama binadamu yeyote. Lakini kila aliposhindwa, watu walitikisa vichwa: "Ingekuwa Rotich..." Sasa mtu ambaye hayupo uwanjani utamshindaje? Rotich aliporudi hakugusa mpira tena. Akaingia biashara ya viatu, na sifa zake zikazidi kunenepa.

Siku hizi wote wawili hufuata mzigo Guangzhou, China. Hata huku, kwenye mgahawa wa Nafula karibu na soko la Zhanxi, Rotich ndiye anayepakuliwa kwanza.

"Huyu alitupigania," Nafula husema. Alvin hupakuliwa kilichobaki.

Mwezi uliopita, laoban mmoja wa viatu, bosi anayeipenda besiboli kupita kiasi, aliwaalika Wakenya kwa mechi ya Jumapili. Siku tatu kabla, Alvin alimwona Rotich kwenye barabara ya Guangyuan Xilu akijaribu kupandisha robota la nguo kwenye mkokoteni. Mkono wa kushoto ulifika kifuani ukakataa. Rotich akatazama huku na huku, akatumia wa kulia.

Alvin alifurahi, tena bila haya. Jioni hiyo akasimama mgahawani. "Mrushaji ni mmoja tu," alisema. "Ni Rotich."

Watu wakapiga makofi. Rotich alitazama sahani yake. "Mimi nimezeeka. Mpeni Alvin."

"Wacha jokes, msee," Alvin akamjibu.

Jumapili Alvin alikaa kwenye benchi, amekunja nne, akingoja mpira udondoke miguuni pa shujaa. Rotich alipanda kilima cha kurushia, akaushika mpira kwa muda mrefu. Kisha akashuka, akaja mpaka kwenye benchi na kuuweka kiganjani mwa Alvin.

"Mkono wangu uliharibikia Somalia," alinong'ona. "Nimeona aibu kusema miaka yote hii. Tafadhali, ndugu yangu."

Alvin alirusha vizuri siku hiyo kuliko alivyowahi kurusha maishani, na Wakenya wakashinda. Watu wakaingia uwanjani mbio. Alvin akatanua mikono ili wambebe. Wakampita, wakambeba Rotich.

"Mmeona roho ya huyu mtu?" Nafula alisema, machozi yakimlengalenga. "Angerusha mwenyewe, lakini amemwachia mwenzake."

Alvin alifungua mdomo awaambie habari za ule mkono. Halafu akawaza: akisema ni jeraha la vita, watampenda mara mbili. Akaufunga.