Barua Iliyoketi Kabla ya Kusema

Luciana wa Kasense hajawahi kulala njaa wala kumlaza mtu njaa chini ya paa lake. Nalisema hilo mapema kwa sababu mwaka wa ile barua alikaribia, na mimi ni mmoja wa waliomsukuma.

Ni jirani yangu. Kati ya nyumba yake na yangu ipo mikaratusi mitatu tu. Mumewe, Vitus, alifariki binti yao Faith akiwa bado ananyonya, na tangu hapo mama huyu analima ekari tatu kwa jembe lililolika mpaka limekuwa kama kijiko. Ekari mbili na nusu ni mahindi ya kula. Ile nusu iliyobaki hupanda alizeti, na alizeti yake usiulize. Vichwa vyake ni vikubwa kiasi kwamba mwaka mmoja mbuzi wangu alipotelea humo siku tatu, akatoka amenenepa na amesahau jina lake.

Sifa hizo zikamfikisha mbali. Alisikia kwamba kampuni moja ya mafuta ya kupikia, huko Dar es Salaam, inatafuta wakulima wa mkataba. Wao wanakuletea mbegu kwa lori, wewe unapanda shamba lako lote, wakati wa mavuno lori linarudi kubeba. Luciana akaandikiwa maombi pale steshenari mjini, akafunga na mfuko wa alizeti yake kama sampuli, akatuma. Akasubiri tangu Agosti. Mapema Novemba majibu yakaja, yakachapwa kwenye karatasi, na kumbe Watanzania wenzetu wametuandikia Kiingereza kitupu.

Hapa lazima nieleze jambo moja. Huku kwetu mtu mwenye habari mbaya haketi. Anasimama mlangoni, anaitoa, ndipo anapewa kigoda na maji. Siku mume wangu Dominiko alipofariki Mtowisa, alikokwenda kutafuta mpunga, mwenzake wa safari, Polikarp, alipanda mlima kwa miguu kutoka bondeni kuja kunieleza. Alifika hana pumzi. Nikamsogezea kigoda, akakikataa. Akasimama kizingitini, akasema, "Mama, Dominiko ametutoka." Hata shikamoo hakuniamkia, shikamoo ilikuja baadaye, tukiwa tumeshalia. Kwa hiyo ukimwona mtu ameketi, ameuliza habari za watoto, amesifu mboga zako, tulia. Ama amekuja na heri, ama amekuja kuazima jembe.

Msomaji wetu wa Kiingereza mtaani ni Evans, mwenye duka la dawa za mifugo. Kiingereza chake amekiokota kwenye chupa za dawa ya kupe, na anakitumia kwa heshima kubwa. Alikuja kwa Luciana mchana, akaketi, akanywa togwa kikombe kizima, akafungua karatasi. Akasoma mstari, akatafsiri, akasoma mwingine, akatafsiri. Ilianza na mpendwa Bibi Luciana. Mpendwa, nikajiambia, hata marehemu Vitus hakulifikia neno hilo. Tunakushukuru kwa dhati kwa barua yako. Tumefurahishwa na nia yako ya kufanya kazi nasi. Alizeti yako imetuvutia sana, na tunathamini bidii ya wakulima kama wewe.

Hapo nikapiga kigelegele. Nasema nilipiga, lakini kwa kweli kilinitoka chenyewe, kikavuka ukingo wa mlima, kikateremka mpaka Muze kule bondeni, na watu wa huko wanasema ng'ombe waliacha kunywa maji wakatazama juu.

Evans aliinua kidole. "Bibi, kuna mistari mingine hapa chini."

"Hiyo ni ya kuagana," nikamwambia. "Ikunje, baba, usiichoshe."

Naye akaikunja. Nani angebisha? Barua ilikuwa imeketi, imeamkia, imesifu. Luciana aliitia kwenye mfuko wa nailoni, akaiweka chini ya mto.

Kesho yake akateremsha mbegu zake. Sisi mahindi ya mbegu tunayatundika na maganda yake juu ya moshi wa jikoni, mdudu asiyaguse. Luciana aliyateremsha yote akagawia nyumba saba, maana shamba zima sasa lilikuwa la alizeti, na mahindi atakula ya kununua kama wafanyakazi wa serikali. Mimi nilipata mahindi kumi na mawili. Nilimwombea baraka nyingi, nikayapanda wiki hiyohiyo kabla hajageuza mawazo.

Mvua zikashika. Luciana alikuwa amelima ekari zote tatu, nyeusi, safi, hata jani moja hakuna. Kila asubuhi alitoka kutazama barabara. Lori la matofali likipita, anasimama. Lori la mbao likipita, anasimama. Mahindi yetu yakafika kwenye vifundo vya miguu, shamba lake likabaki limelala tupu kama kitanda cha mgeni asiyefika.

Wiki ya kwanza ya Desemba akapita Margareth, bwana shamba wetu. Ndiyo, ni mwanamke, lakini kazi ndivyo inavyoitwa. Ametokea Tanga, ambako mtu hakwambii nyumba yako inaungua mpaka amalize habari za asubuhi. Alikuja kukagua viwavijeshi. Alipoona shamba la Luciana aliuliza kulikoni, na Luciana kwa furaha akamtolea barua.

Margareth aliisoma kimya mpaka chini. Akaikunja. Kisha akaketi, akaomba maji, akamsifu Luciana kwa udongo ule, akasema ameutendea haki. Akauliza habari za Faith shuleni. Akasifu ua. Luciana alizidi kung'aa, akaenda kuchochea moto amwongezee maharage. Mimi niliyekuwa nimeketi pembeni nikaona yule binti anaikunja ile karatasi tena na tena.

"Mwanangu," nikamwambia, "hiyo barua umeisoma mpaka wapi?"

"Mpaka mwisho, bibi."

"Basi simama."

Akanitazama kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi.

"Simama, nenda pale mlangoni, useme."

Akainuka. Akafika kizingitini, akatugeukia. "Mama Faith, wamekukataa," akasema. "Lori haliji."

Luciana alikuwa ameshika upawa. Hakuutua na hakuutumbukiza. Aliushika vilevile hewani, mchuzi unamdondokea mguuni, na mchuzi ulikuwa wa moto, na hakuuondoa mguu. Mimi kigelegele changu kilinirudia kooni kutoka Muze, kikakwama hapo.

"Soma hapo walipokataa," Luciana akasema.

Margareth akasoma akiwa amesimama. Baada ya kufikiria kwa makini, wanasikitika kwamba msimu huu hawataweza kumwingiza kwenye orodha yao. Wanamshukuru tena. Wanamtakia mafanikio mema.

"Mafanikio ya nini?" Luciana akauliza kwa sauti ndogo. "Na shamba ni tupu?"

Mimi nimekataliwa na wengi katika maisha yangu, na wanaume, na mvua, na punda, lakini hakuna aliyenishukuru huku ananikataa. Margareth alijaribu kutueleza. Alisema Kiingereza cha ofisini ndivyo kilivyo: neno baya wanalifunga katikati, shukrani mbele na baraka nyuma, ili mpokeaji asiumie. Alifundishwa hivyo chuoni, na mtihani wake upo. Nikamwuliza kama huyo mwalimu amewahi kufiwa. Margareth akainama, akasema hata yeye alipoketi saa ile alidhani anamhurumia Mama Faith.

Mbegu ya dukani Luciana hakuwa na uwezo nayo, na siku za kupanda mahindi zilikuwa zinahesabika. Akajifunga khanga, akatoka kuzunguka zile nyumba saba. Kila mlango alisimama, alikataa kigoda, akasema amekuja kuchukua alichotoa. Nilimfuata kwa macho kupitia mikaratusi. Hapa alipewa mahindi mawili, pale matano, kwingine aliambiwa yameshaota. Kwangu alikuja mwisho.

"Bibi, sina habari njema," akasema akiwa kizingitini. "Nimekuja kuchukua mbegu yangu."

Nikainuka kwenye kigoda, nami nikasimama. "Mimi nami nina mbaya yangu, Mama Faith. Nimeipanda yote."

Basi tukabaki tumesimama wawili, kila mmoja na lake, na hakuna wa kumkaribisha mwenzake. Kuku wakapita katikati yetu. Nikaona bora nimalize kabisa.

"Na kuna nyingine. Evans alitaka kuendelea kusoma siku ile. Mimi ndiye niliyemkatiza."

"Najua, bibi. Nilikuwepo. Hata ng'ombe wa Muze walikuwepo."

Hakucheka. Akatazama shamba langu kwa nyuma ya bega langu. "Yameota mistari mingapi?"

"Thelathini."

"Ishirini ni yangu."

Nikasema kumi na tano. Nikataja umri wangu, miguu yangu, na panya wa ukubwa wa ndama anayeninyemelea ghalani. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Ishirini, bibi. Na nitapalilia yote thelathini."

Nikakubali, ndipo tukaketi wote wawili, nikampa maji.

Yale mahindi aliyorudishiwa yalitosha ekari moja isiyofika vizuri. Evans alipopata habari hakufungua duka siku mbili, kisha akaja na debe la maharage ya mbegu, akalisemea mlangoni jambo lake la kuomba radhi ndipo akaingia. Hayo tukayapanda Februari. Hadi Juni, baridi ilipoanza kutukaza, jikoni kwa Luciana kulikuwa na mahindi yametundikwa tena juu ya moshi, machache lakini yapo, na Faith hakukosa kula hata jioni moja. Kutoka mistari yangu kumi nilivuna magunia arobaini, ingawa Luciana akiwepo huwa nasema mawili.

Siku hizi barua ya Kiingereza ikiingia mtaani, Evans hapewi kiti wala togwa. Anasimama kizingitini, anaanza na mstari wa chini kabisa, anapanda kwenda juu. Na mimi nakaa ndani kumsikiliza, Luciana akiwa ameketi ubavuni kwangu, kiganja chake tayari mdomoni mwangu.