Octave Aandikwe Wapi?

Murielle alikuwa fundi cherehani ugenini, mtaa wa Bellevue, katika nyumba ya zamani iliyogawanywa vyumba saba, na chumba chake kilijaa vitambaa hata mgeni hana pa kuketi ila kitandani. Mkatanga wa Kolwezi, mkono mwepesi, mdomo mzito. Majirani zake walokole hawakumwelewa kabisa: Mkongo gani huyu anayesali Kiothodoksi kama Mgiriki? Aliwajibu kwamba bibi yake alibatizwa misheni kule Kolwezi kabla wao hawajazaliwa, basi, wamwache ashone.

Sasa, Waothodoksi wana desturi yao. Kila Jumapili kabla ya ibada, muumini humpa padri karatasi mbili za majina: moja ya walio hai, moja ya waliolala mauti. Padri huyasoma madhabahuni, na kwa kila jina hukata chembe ya mkate. Utasema hilo nalo ni jambo? Kwa Murielle lilikuwa adhabu. Mumewe Octave, muuza samaki wakavu, alipanda lori kwenda Pweto mwaka 2012, kaskazini mwa Katanga kukiwa na vita. Lori lilikutwa limeungua. Octave hakukutwa, si mzima, si maiti.

Mama mkwe wake, Mama Brigitte, alimpigia simu kutoka Kolwezi kila Jumamosi.

"Octave umemuweka wapi?"

"Kwa walio hai, mama."

"Aksanti. Usimutoe."

Naye hakumtoa, miaka sita. Lakini kila akiandika jina lile alijiona anamdanganya Mungu mchana kweupe. Kama Octave amekufa, basi hajaombewa pumziko hata siku moja, wala hajachemshiwa ngano ya kumbukumbu kama wafu wengine. Na kama yu hai, mke anayemwandika na wafu ni mke huyo, au mchawi? Jamani, hata ungekuwa wewe ungechanganyikiwa.

Mwaka 2018 Keziah Nkatha, Mkenya wa kanisani kwake aliyefundisha historia chuo kikuu, akawasimulia waumini baada ya ibada habari za Hagia Sofia, kanisa kuu la Konstantinopoli, mji unaoitwa leo Istanbul. Akasema lilijengwa kwa miaka mitano tu na ushei. Akasema kuba lake liliporomoka baada ya miaka ishirini, wakalijenga tena, na safari hii wakalipandisha juu zaidi. Karne baada ya karne Waothodoksi wakalitazama kama mama wa makanisa yao. Hapo simu ya Murielle ikalia. Bibi harusi mmoja wa Marshalltown alitaka gauni lake sasa hivi. Murielle akatoka mbio, na hadithi bado haijafika hata nusu.

Wiki ile ile rafiki yake Victoire, aliyekuwa na meza ya nguo mjini, akaaga kwamba anakwenda Istanbul kununua mzigo.

"Istanbul? Si ndiko kwenye Kanisa Kuu!" Murielle akaruka.

Aliwaza hivi: mapadri wa kanisa la namna ile lazima wawe wazito kwa sala, watajua wao jina liende wapi. Akachukua karatasi ya tatu, akaandika Octave peke yake, bila kusema kama yu hai au amekufa. Akamkabidhi Victoire kama anayekabidhi mtoto.

Victoire alirudi baada ya siku kumi, amekasirika.

"Dada, ulinituma wapi mie? Nimepanga foleni mpaka miguu imevimba, nimekata tiketi, nimeingia. Padri hakuna. Mshumaa hakuna. Juu kule Maria amempakata Yesu, na hapo hapo mbao kubwa za duara zimeandikwa Kiarabu. Nikamuuliza mlinzi, hapa kanisa? Akacheka. Msikiti? Akatikisa kichwa. Makumbusho, akasema. Watu wanapiga picha tu!"

"Na karatasi?"

"Niliilaza chini ya nguzo. Nimepiga hatua tatu, mlinzi ananikimbilia: mama, umeangusha kitu. Shika karatasi yako."

Jumapili Murielle alimvaa Keziah pale pale mlangoni mwa kanisa. "Mbona hukusema ni makumbusho?"

"Nilisema, dada yangu. Ulikuwa umeshaondoka." Keziah akamvuta kando, akammalizia. Mwaka 1204 wapiganaji Wakristo wa Magharibi waliliteka na kulipora, likawa la Wakatoliki miaka hamsini na saba, kisha Waothodoksi wakalirudisha. Mwaka 1453 Waturuki wakaushinda mji, likawa msikiti karibu miaka mia tano. Ndipo serikali yao ikaligeuza makumbusho.

"Basi leo ni nini?"

"Mgiriki atakwambia ni kanisa. Wako Waturuki watakaokwambia ni msikiti. Serikali inasema makumbusho."

"Nakuuliza wewe."

"Mimi nasoma tu yaliyopita, Murielle."

"Eish! Umesoma mpaka wanakuita daktari, na jibu huna!"

Akaingia akampa Padri Cyrus karatasi ile ya tatu. Padri akaigeuza mbele na nyuma. "Mama, chembe za walio hai naziweka safu hii ya sahani, za waliolala safu ile. Huyu nimuweke wapi?" Murielle akaichukua karatasi yake, na ibada nzima hakuitika "Bwana, hurumia" hata mara moja.

Jumamosi iliyofuata hakungoja kupigiwa. Alipiga mwenyewe.

"Mama, nimechoka. Nisamehe. Kesho ninamuandika Octave na wafu."



"Mie nilimuandika na wafu tangu mwaka wa pili," Mama Brigitte akasema. "Kila mwaka ninamuchemshia ngano."

"Ati nini? Na kila Jumamosi unaniambia nisimtoe!"

"Ndiyo, nakwambia. Mie nilimuzaa, na mie nilichoka kumungoja. Halafu nikaogopa. Kama nimekosea, mutoto wangu yuko huko mahali na hakuna hata mutu mumoja anayemuita na wazima. Nikakuachia wewe upande ule. Kama mwenye kukosea ni wewe, basi mie niko upande huu, hatakosa maombi."

"Ungeniambia, mama."

"Ningekuambia, ungeendelea kuandika?"

Murielle alikata simu bila kuaga, jambo ambalo hajapata kumfanyia mkwe wake. Alilia kwa hasira. Miaka sita amelindishwa tumaini ambalo mama mtu alishalizika! Kisha akalia kwa huruma, kisha hakujua tena analia kwa lipi.

Jumapili alileta karatasi mbili. Padri Cyrus akaisoma ya walio hai, akamwona Octave pale juu kabisa.

"Umepata habari zake?"

"Za mama yake tu. Upande wa wafu ameushika yeye. Soma, Baba."

Padri akasoma. Murielle hakujua bado kama anasali au anadanganya. Aliitika "Bwana, hurumia" kwa sauti kubwa, mpaka Keziah akageuka kumtazama.