Mlango wa Hawise na Kibanda cha Osbert

Mama mkwe wangu, Hawise, alikuwa na wivu usio na mfano. Jirani akipiga chafya mara tatu, yeye atataka kujua kwa nini zake huishia mbili. Niliolewa na mwanawe Warin, nikaishi naye nyumba moja, kwa hiyo nisemalo nalijua.

Yeye na marehemu mumewe walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kupewa viwanja hapa Brackenford. Abati, mkuu wa watawa wenye ardhi hii, alipopata ruhusa ya mfalme kuweka soko kila Jumanne, malisho ya kondoo karibu na daraja yakapimwa kwa kamba: viwanja vyembamba mbele, virefu nyuma, na uwanja mpana katikati kwa ajili ya biashara. Kila mtu alitaka mlango unaotazama soko. Hawise akaupata, na mlango ule ukawa ndiyo riziki yake. Alipika pombe ya shayiri, na ikiiva alitundika kichaka cha majani kwenye ufito mrefu juu ya mlango, ishara kwamba pombe ipo, wenye kiu wakaona na kuja.

Tatizo lilikuwa Emmot, mjane wa nyumba ya pili, ambaye naye alipika. Ya Emmot ilikuwa pombe tu, ukinywa umekunywa. Lakini mbele ya mlango wake Osbert alisimamisha kibanda kila Jumanne, akiuza mikate iliyojazwa nyama ya nguruwe yenye chumvi kali. Watu wakila wanashikwa na kiu, wanageuka, wanaingia kwa Emmot. Hawise alikuwa akisimama mlangoni, mikono kiunoni, akiwahesabu wanaoingia.

"Hebu watazame," aliniambia. "Wanauziwa maji ya kuoshea mapipa na bado wanacheka."

"Mama, mbona na sisi tumeuza."

"Tumeuza. Mwenzetu kamaliza. Ni sawa hiyo?"

Roho ilimuuma mpaka akakonda. Mwishowe akamwendea msimamizi wa soko, akaomba kibanda cha Osbert kihamishiwe mbele ya mlango wake yeye. Msimamizi akacheka.

"Mama, watu huja hapa kulia ili vibanda viondolewe milangoni mwao. Wewe unataka uletewe?"

"Nataka."

"Osbert anasema akihama mara hii hahami tena. Itabidi useme mbele ya baraza la soko kwamba pale ni pake, yeye na wanawe."

"Nitasema hata kanisani."

Akasema, na mashahidi wakasikia. Warin alimvuta mkono, mimi nikamvuta gauni. Alitupangusa kama nzi.

Kiangazi cha kwanza kilikuwa kitamu, siwezi kusema uongo. Walaji walijaa kwetu hadi wengine wakanywa wamesimama. Emmot alikaa kwenye kizingiti chake akichambua manyoya ya bata. Jioni Hawise aliosha vikombe nje, kwa kelele za makusudi, ili jirani asikie ni vingi.

Mvua za vuli zilipoanza, Osbert hakung'oa nguzo zake. Alisema kuzing'oa kila wiki kunaziharibu. Baridi ilipokaza akasuka fito, akakandika udongo kuzuia upepo. Theluji ilipoyeyuka akaezeka. Akatoboa mlango unaotazama soko, sisi akatupa kisogo. Muuza viatu akaona, akajenga ubavuni mwake, na muuza samaki akafuata, wote upande wetu. Kisha Osbert akapandisha ghorofa, akalala huko na mkewe. Ndivyo mji wetu ulivyokua: hakuna aliyeamua lolote, kila mtu alikataa tu kung'oa nguzo.

Mlango wetu sasa ulitazama ukuta. Palikuwa kichochoro chenye giza, mke wa Osbert akitupa mifupa na mbwa wakiigombania. Kichaka cha Hawise kilining'inia, asikione mtu. Walaji wakarudi kwa Emmot, ambako bado kulikuwa na jua.

Akaenda barazani kulalamika. Msimamizi hakuinua hata macho. "Ulisema kwa kinywa chako, mama. Mchimba kisima huingia mwenyewe." Baraza zima likacheka. Alirudi nyumbani akanuna hadi Jumapili.

Jumanne iliyofuata Emmot akapita kichochoroni, gauni kalikunja asiguse matope.

"Mama Warin, nimewaza. Lete mapipa yako niuze mlangoni kwangu. Chako kitakuwa chako, mimi utanipa kidogo tu."

"Umekuja kunicheka."

"Nikucheke kwa lipi, mwenzangu?"

"Pombe yangu ipite mlango wako? Bora wanywe mbwa."

Akalisukuma pipa lililokuwa mlangoni, limejaa pomoni, likapinduka. Pombe ikatiririka juu ya mifupa. Nilikuwa nimekoroga shayiri ile mpaka mabega yakaniuma, na siku ile nilimchukia.

Emmot aliitazama ikienda, machozi yakamlengalenga. "Mungu akusamehe," akasema. "Miaka yote hii nakuonea wivu kwa pombe hiyo. Nilikuwa namtuma dada yangu aje kununua kwako, nionje, nijue mimi nakosea wapi. Nikishaonja naketi jikoni nalia."

Hawise akamgeukia. "Ulilia?"

"Nililia."

"Mara moja?"

"Kila ulipopika."

Mama mkwe wangu akaketi kwenye kizingiti, akajifuta mikono kwa aproni taratibu. Tangu nilipoingia nyumba ile sikuwahi kumwona ametulia namna hiyo.

"Goditha," akaniita, "litoe lile pipa la nyuma, mpelekee Emmot. Na wewe Emmot, keti hapa kwanza, usiwe na haraka. Ulikuwa unalia vipi?"