Barabara Yetu, Ndege Wao

Baridi ya kipupwe cha kwetu Usambara huwezi kumsimulia mtu wa pwani akakuelewa. Mwezi wa saba ukiingia, ukungu hushuka ukalala barabarani kama ng'ombe, na anayetaka kupita ausukume kwa bega. Asubuhi moja jirani yangu alinisalimia salamu ikaganda njiani, nikaja kuisikia saa sita jua lilipotoka. Anayebisha aje Lushoto, na aje na sweta mbili.

Barabara ninayotaka kuisema hutoka vijijini kwetu nyuma ya msitu, hupanda mpaka katikati ya miti mikubwa, kisha huteremka hadi mjini. Haikuchimbwa na mashine ya mtu. Ilichimbwa kwa msaragambo, ile kazi ya kujitolea ya kijiji kizima, siku ambayo hata mwenye jino bovu hutoka na jembe. Kila kaya ilipewa kipande chake: hatua arobaini, kutoka mti huu mpaka jiwe lile. Kipande ni chako kukizibulia mfereji, kukijaza mawe na kukionea aibu kikiharibika. Mzee akifariki, watoto hurithi shamba na kipande pamoja. Mama yangu alibeba mawe ya kipande chetu kichwani huku ana mimba yangu, kwa hiyo mimi kazi ya barabara niliianza kabla sijazaliwa.

Zikaja zama za ruksa, kila mwenye miguu miwili akawa mfanyabiashara. Matajiri wa Dar es Salaam wakawa wanapandisha malori yao wenyewe kuja kuchukua mboga. Mimi, msomi wa taa ya chemli, niliyemaliza masomo ya jioni nikiwa na ndevu, nikapata pikipiki ya mtumba iliyokuwa imeizunguka dunia mara mbili kabla ya kunifikia. Nikawa msafirishaji. Nilikuwa nafunga matenga manne, na siku ya soko sita, na juu yake mbuzi kama yupo. Watu waliokutana nami kwenye ukungu walidhani ni duka linahama.

Shangazi yangu, dada yake marehemu baba, ndiye aliyeniamini kuliko wote. Aliacha mahindi msimu ule, akapanda shamba zima saladi, kwa sababu nilimwambia kwa mdomo wangu huu: "Shangazi, wewe lima. Lori nitaliwahi." Lori lilikuwa linaondoka sokoni saa nne kamili asubuhi, na dereva wake asingemngoja hata mama yake mzazi. Saladi ikilikosa lori, kesho yake ni chakula cha mbuzi, na mbuzi mwenyewe huitazama mara mbili kabla ya kuionja.

Lakini ruksa ilikuwa ya wote. Ilituletea pia watu wa kutazama ndege wa porini. Walikuja na magari makubwa, darubini shingoni, wakapiga kambi ukingoni mwa msitu upande wetu, wakitafuta kijindege cha rangi ya kahawia ambacho kumbe duniani kote hakiishi ila kwenye milima yetu. Sisi tulikuwa tunakiona kila tukiokota kuni, hatukujua kama tunakaa na mheshimiwa.

Asubuhi moja nimepanda na mzigo wangu, pikipiki inanguruma kwa haki yake, nikawakuta wamesimama katikati ya barabara. Mama mmoja wa Kizungu mwenye nywele nyeupe akaweka kidole mdomoni. Nikasimama. Kwetu mtu wa umri ule humpiti bila salamu.

"Shikamoo, mama."

"Jambo. Tafadhali, zima hiyo. Ndege wanaogopa."

"Na mimi naogopa lori, mama."

Hakucheka. Nikapita. Moyoni nilikuwa nimechomwa kweli, maana tulikuwa tumesimama juu ya mawe ya mama yangu.

Wiki iliyofuata bwana misitu akaweka geti, mti mrefu uliolazwa barabarani mahali msitu unapoanzia upande wetu. Amri ikasomwa: msimu wote wa kipupwe, ambao ndio msimu wa wageni, hakuna pikipiki wala gari la mizigo kuingia msituni kabla ya saa tano asubuhi. Magari ya wageni ruksa saa yoyote. Magari hayo yalinguruma kuliko pikipiki yangu na shangazi yangu wakiunganishwa, lakini hilo halikuandikwa.

Mlinzi wa geti akawekwa shemeji yangu, mume wa dada yangu. Nikajua nimepona.

"Shemeji, inua mti huo."

"Saa tano, shemeji."

"Saa tano lori litakuwa limeshateremka Mombo!"

"Basi litusalimie Mombo."

"Dada yangu anajua kazi unayoifanya hapa?"

"Dada yako ndiye aliyenifulia shati hili la kazi. Tena kaniambia, akija yule mwenye maneno mengi, usimfungulie."

Siku tatu mfululizo saladi ya shangazi ilifika sokoni lori limekwenda. Siku ya tatu nilikaa kwenye ngazi za soko, matenga mbele yangu, majani yamelegea kama masikio ya mbwa aliyegombezwa. Neno langu kwa shangazi lilikuwa linanyauka mbele ya macho yangu na ya watu.

Nikaandika barua. Kurasa tatu, yenye anwani, yenye "Yah:", yenye hoja zilizopangwa kama nilivyofundishwa. Bwana misitu akaniita ofisini. Zamani tungeitana ndugu, lakini ndugu walikuwa wameisha siku hizo, walibaki mabosi.

"Nani kakuandikia hii?"

"Mwandishi amesimama mbele yako, bosi."

Akanitazama viatu, akarudi kwenye barua. Kisha akavuta karatasi, akaandika, akagonga muhuri. Kilikuwa kibali changu cha kupita getini saa yoyote. "Ni chako peke yako," akasema. "Wewe ni mtu mwelewa. Usiende kuwatangazia wenzako."

Sitadanganya hapa. Nilikipokea kwa mikono miwili. Nikakikunja mara nne, nikakitia mfuko wa shati, nikatoka kifua mbele, na kwa siku moja nzima nilijiona nimekuwa mkuu wa wilaya. Kesho yake shemeji aliinua mti bila neno. Nyuma yangu walibaki vijana wenzangu wawili wa pikipiki, matenga yao yamejaa karoti. Sikugeuka kuwatazama. Lori nililiwahi.

Siku ya pili nikaenda kwa shangazi kupakia. Nikamkuta amekalia tenga.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Nasikia umepata barabara yako peke yako."

"Karatasi tu hiyo, shangazi. Cha muhimu saladi yako itafika."

"Ikifika, itakuwa imepita kwenye kipande cha nani?"

Nikaanza kukunjua kamba za kufungia mzigo.

"Nakuuliza wewe uliyesoma. Ukitoka getini, kipande cha kwanza cha nani?"

"Chako, shangazi."

"Nilikichimba na marehemu mume wangu. Umekwenda kumwomba mtu wa ofisini ruhusa ya kupita kwenye kipande changu, naye kakupa, nawe umepokea. Kwa hiyo mimi sina kipande tena. Mimi mpita njia. Na wewe pia mpita njia, ila wewe una muhuri."

"Shangazi, itaoza."

"Iache ioze. Saladi itaota nyingine. Kipande hakioti."

Hakuinuka juu ya tenga. Nilimbembeleza mpaka umande ukakauka, na mimi kwa kubembeleza nilishawahi kumtoa kobe ndani ya gamba lake, lakini yule mama alikaa. Hapo ndipo akili iliponijia, na ilikuja imechelewa kama basi la Mgwashi siku ya mvua. Kwa barua yangu ya kurasa tatu nilikuwa nimeomba kitu cha kwangu, na kwa kuomba nimekitoa.

Nilikirudisha kile kibali siku ileile. Bwana misitu alicheka. "Mtakula hewa," akasema.

"Hewa ya huku nzuri, bosi. Wageni wanailipia nauli."

Nilipomwambia shangazi kwamba nimekirudisha, hakunipongeza. Alisema neno moja tu: "Msaragambo." Jioni mbiu ikapigwa kijijini. Hakuna mwenye mamlaka nchi hii anayeweza kusimama hadharani akasema watu wasitengeneze barabara. Tangu uhuru tumehimizwa tujitolee, na ruksa ilipokuja tukahimizwa zaidi, maana hapakuwa na mwingine wa kutengeneza.

Alfajiri kila kaya ilikuwa kwenye kipande chake. Majembe, mitaimbo, makarai, na mzee mmoja na ngoma yake ya kutia watu moyo. Tulianza saa kumi na mbili na tulipanga kuacha saa tano kamili, maana amri tunaiheshimu. Wanawake waliimba kwa Kishambaa, wanaume tukagonga mawe. Kelele zile zilisikika Mazinde chini ya mlima, na watu wa huko wakaingiza mbuzi ndani wakidhani mlima unashuka. Mbega walikaa juu ya matawi wakitutazama kama wazee wa baraza. Kile kijindege, kwa taarifa nilizopata, kilihamia Upare kwa jamaa zake. Magari ya wageni yalifika, yakakuta mfereji umefukuliwa katikati ya njia, yakageuza.

Bwana misitu akaja mbio. "Nani kawaruhusu?"

Shangazi akaegemea jembe. "Onga maundo, mwanangu," akamsalimia habari za asubuhi kwa Kishambaa.

Yule bwana akatuangalia sote. Watu walisimamisha majembe wakimngoja. Mtu mzima kamsalimia na yeye ameanza kwa kufoka.

"Shikamoo, mama," akasema mwishowe.

"Marahaba. Sasa uliza vizuri."

"Nauliza, nani kawaruhusu kufanya kazi humu?"

Nikatoa kalamu na daftari. "Bosi, useme polepole. Naandika kwamba umekataza msaragambo. Jina la kijiji nimeshaliweka."

Akaondoka. Siku ya pili hivyo hivyo, ya tatu, ya nne. Wakati huohuo saladi ilikuwa inakomaa shambani, ikapitiliza, ikaanza kupanda maua. Niliiona kila nikienda na kila nikirudi. Shangazi naye aliiona. Siku ya nne nilimkuta anaing'oa kwa mikono, anaitupia mbuzi, na mimi nikainama nikang'oa naye mstari kwa mstari. Sikupata mzaha wa kusema. Mimi!

Siku ya tano yule mama wa nywele nyeupe alikuja kwa miguu, peke yake, gari ameliacha getini. Alikuwa na matope mpaka magotini. Akatusalimia "shikamoo" watu wote, pamoja na mimi niliye rika la mwanawe, tukamsamehe.

"Kwa nini mnafanya kelele hii?" akauliza.

Nikamweleza habari ya lori, ya saladi, ya geti, na ya vipande. Nilimtembeza, nikamwonyesha: hiki cha fulani, hiki cha fulani, haya mawe ya mama yangu. Alisikiliza vizuri, nampa haki yake.

"Mimi niliambiwa barabara ni ya msitu."

Shangazi akajibu: "Msitu haujui kushika jembe."

Yule mama akacheka, mara ya kwanza kumwona akicheka. Kisha akasema wao shida yao ni mlio tu, hasa ule upande wa mteremko ambako ndege hujificha. Hapo vijana wote wa pikipiki tukatazamana. Mteremko? Mteremko wote ule sisi hushuka injini imezimwa! Tangu enzi petroli ilipokuwa adimu kuliko dhahabu, hakuna mtu wa kwetu anayechoma mafuta kwa kitu anachopewa bure na mlima. Mlio wetu ulikuwa wa kupanda kutoka kijijini, na mlio wote wa mteremkoni asubuhi ulikuwa wa magari yao.

Siku ile tulikubaliana palepale juu ya mawe, bwana misitu akiwa ameitwa na kusimama pembeni. Pikipiki zipite saa yoyote, zikifika kileleni zizime injini mpaka chini. Magari ya wageni yabaki getini, wenyewe watembee.

"Wengine ni wazee," bwana misitu akapinga.

"Mimi nina miaka sabini na moja," akasema yule mama. "Nitatembea."

"Basi nitawaandikia kibali cha pamoja," bwana misitu akasema, mkono tayari mfukoni.

"Hongea, baba," shangazi akamshukuru. "Hatukihitaji."

Mti wa geti uliinuliwa ukaegeshwa pembeni. Shemeji akabaki na kazi yake ya kulinda magari ya wageni, na dada yangu akaendelea kufua lile shati.

Shangazi alipanda miche mipya kwenye matuta yaleyale ya ile tuliyoing'oa. Ilipokomaa, alinipakilia yeye mwenyewe, akakaza kamba kwa goti. Nikapanda mpaka kileleni, nikazima, nikajiachia. Matairi yalinong'ona kwenye kokoto, ukungu unanipiga uso, wageni wamechuchumaa kwenye ukingo na darubini zao. Hakuna aliyegeuka. Sokoni nilifika lori bado linapakia, dereva akanung'unika kwa nini nimewahi.

Baada ya kushusha mzigo nilikunywa chai, nikapiga kiki, nikaanza kurudi kijijini. Pale chini mteremko unapoishia nikaingiza gia ya kwanza, nikafungua mafuta yote, nikaupanda ule mlima kwa mngurumo ambao nina hakika uliwafikia masista wa Kifungilo. Makubaliano yalikuwa ya kushuka. Ya kupanda hakuna aliyeyasema, na mimi sikuwakumbusha.